Taa za Nyuma

Asubuhi ya tatu mfululizo Waya alifungua mlango wa gari la marehemu shemeji yake akakuta swichi ya taa imerudi kwenye zima.

Yeye aliiweka oto. Hilo alikuwa na uhakika nalo kama alivyokuwa na uhakika na jina la mama yake. Jana mchana aliishika ncha ya kile kishikio cha pembeni ya usukani, akaizungusha mpaka ikalia tik, akakitazama kistari cheupe kikisimama kwenye oto. Kisha akaendelea na kazi nyingine za gari lile mpaka jioni, akafunga, akaenda zake nyumbani. Na sasa kistari kilikuwa kwenye zima, palepale kilipokutwa usiku wa ajali, miezi saba iliyopita.

Alisimama ameushika mlango, mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni.

"Nyundo!" aliita. "Umeingia kwenye hili gari?"

Nyundo ndiye fundi bodi waliyechangia naye banda la gereji. Waya alishughulika na umeme wa magari, Nyundo alinyoosha mabati na kupaka rangi, na kwa miaka kumi na miwili walikuwa wakigombana juu ya nani kaondoka na bisibisi ya nani. Nyundo ndiye mtu mwingine pekee aliyekuwa na ufunguo wa geti, na ndiye aliyefika mapema kila siku.

"Mimi na hilo gari?" alijibu bila kuinua kichwa. "Nimelinyoosha makalio, nimelipaka rangi, undugu wetu umeishia hapo."

"Kuna mtu anachezea swichi ya taa."

"Basi muulize mwenyewe." Alipoona Waya hacheki, alijikohoza na kuiweka brashi chini. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimeropoka."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Waya alilibeba kutwa nzima.

Kwa asiyeyajua magari haya ya siku hizi, maelezo ni mafupi. Juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, kuna kijicho cheusi kidogo kama kifungo cha shati. Kazi yake ni kupima mwanga. Jua likizama, kijicho hicho kinawasha taa chenyewe, za mbele na za nyuma, na papo hapo kinapunguza mwanga wa dashibodi ili usimuumize dereva macho. Dereva hana la kufanya ila kuiacha swichi kwenye oto na kukaa kama bwana harusi.

Shemeji yake Waya alikuwa mpima ardhi, mtu wa tambo nyingi zisizo na madhara, na gari lile dogo la kijivu lilikuwa tambo yake kubwa kuliko zote. "Gari langu lina akili kuwashinda nyote humu ndani," alikuwa akisema mezani. "Linajua lenyewe usiku umeingia. Miaka mitatu sijaigusa swichi ya taa." Alilisema hilo mara nyingi mno, hata mkewe, dada yake Waya, akawa anammalizia: "Miaka mitatu hujaigusa, tumesikia, kula chakula kitapoa."

Tatizo lilikuwa macho. Shemeji alishapita miaka hamsini na tano na miwani hataki hata kuisikia. Usiku dashibodi ilipofifia, hakuona anakwenda mwendo gani. Basi Jumamosi moja alikuja gereji akamvuta Waya pembeni, kwa sauti ya mtu anayeomba jambo la aibu.

"Shemeji, nifanyie kioo changu kiwake usiku kama kinavyowaka mchana. Kisifife kabisa."

Fundi mwenye akili zake timamu angemwambia akanunue miwani. Waya alicheka, akamwambia aliache gari, arudi saa kumi jioni. Ilikuwa kazi ya waya mmoja tu, ule unaoiambia dashibodi ifife. Aliukata, akaufunga ncha kwa tepu nyeusi, akarudi kwa mteja aliyekuwa akimngoja na mwingine aliyekuwa akimpigia kelele. Nusu saa, tena bure, kwa sababu ya shemeji.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mafundi wa umeme wa magari peke yao ndio wanalijua. Gereji ile ni ya mabati pande zote, na ndani mna giza hata saa sita mchana. Gari lenye kijicho ukiliwasha humo linadhani usiku umeingia, linafumua taa zote, nazo zinampiga usoni yeyote aliyeinama mbele yake. Kwa hiyo kuna sheria: zima kabla hujainama. Waya alifundishwa sheria hiyo na fundi wake wa kwanza kwa makofi ya shingoni, mpaka ikahama kichwani ikaingia mkononi. Akikaa kwenye kiti cha dereva, mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi na kuzima. Halafu kuna sheria ya pili: rudisha kabla hujakabidhi. Hiyo haikuja na makofi. Ilibaki kichwani, na kichwa cha fundi siku ya Jumamosi kina mambo mengi.

Je, Jumamosi ile alirudisha? Hilo ndilo swali lililomnyima Waya usingizi kwa miezi saba.

Shemeji alilichukua gari saa kumi, jua bado kali. Alifika nyumbani akakuta vita. Mkewe alikuwa mshonaji, na asubuhi ile mumewe alichukua mkasi wake wa vitambaa akakatia boksi. Kwa asiyeshona, hilo ni jambo dogo. Kwa mshonaji, ni bora ungemkatia nywele. Maneno yakapanda, ya mkasi yakaleta ya mwaka juzi, na ya mwaka juzi yakaleta ya tangu ndoa. Mwisho wake dada akamwambia, "Ondoka mbele ya macho yangu. Sitaki kukuona."

Shemeji akachukua ufunguo. Kila walipogombana alikwenda kulala kwa mama yake, mji wa pili, mwendo wa saa nzima, na kesho yake alirudi na mkate mkubwa kana kwamba alitumwa mkate. Aliondoka giza likianza kuingia. Mjini kulikuwa na taa za barabarani. Mbele ya gari kulikuwa na zile taa ndogo za mchana ambazo huwaka muda wote. Dashibodi iling'aa kama saa sita. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kumwambia kwamba nyuma yake ni giza tupu.

Kilomita mbili baada ya taa ya mwisho ya mji kuna mlima, na magari hupunguza mwendo hapo. Lori lilimjia kwa nyuma. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye watoto, aliwaambia polisi huku akilia, "Sikuona kitu, afande. Barabara ilikuwa tupu mpaka niliposikia kishindo." Polisi walipochungulia ndani ya gari, wakakuta swichi ya taa iko kwenye zima.

Siku ya tatu ya msiba, ukumbi umejaa watu, dada alimwita mdogo wake akamkalisha mbele yake. Macho yalikuwa yamemvimba lakini sauti ilikuwa kavu.

"Waya, wewe ndiye fundi. Swichi ile inaweza kujigeuza yenyewe?"

Na Waya, Mungu amsamehe, alijibu kama fundi. Alijibu haraka, na hata kwa majivuno kidogo ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. "Haiwezi, dada. Lazima igeuzwe na mkono wa mtu."

Aliuona uso wa dada yake ukifungwa kama dirisha. Dada aliitikia kwa kichwa, akajifunika kanga mpaka usoni, na tangu siku ile hakumlilia mumewe tena. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Waya peke yake ndiye aliyeelewa: mtu ambaye kwa miaka mitatu hakuigusa swichi, usiku alioambiwa sitaki kukuona, aliigusa. Ndivyo dada alivyoamini. Alimwambia mumewe aondoke mbele ya macho, naye akaenda akajizima mbele ya macho ya watu wote.

Usiku ule Waya akirudi nyumbani alisimama ghafla katikati ya njia. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemrudia. Mkono wa mtu. Mtu gani?

Tangu hapo jioni zikawa adui zake. Magharibi ikifika, aliacha kazi yoyote aliyokuwa nayo akatoka mpaka ukingoni mwa barabara, kuangalia magari yanayopita. Aliziona nyuso za madereva zikimulikwa na dashibodi kutoka chini, buluu na nyeupe, na kila uso aliufananisha na mmoja. Gari likipita bila taa za nyuma, alilikimbilia akipiga mayowe, "Taa! Taa!" Madereva walidhani amewehuka. Wauza maduka ya jirani walianza kumwita Bwana Taa, na watoto waliotoka shule walimpokea kwa wimbo. Alivumilia. Aliona ni haki yake.

Kuna usiku alimwota shemeji akiwa kwenye usukani, anatabasamu, anagonga kioo cha dashibodi kwa ukucha. "Safi sana, shemeji," alikuwa akisema kwenye ndoto. "Sasa naona kila kitu." Waya aliamka shuka limelowa jasho.

Hata hivyo hakusema. Alijiambia kwamba hana uhakika. Huenda alirudisha, fundi wa miaka ishirini hurudisha bila hata kukumbuka, kama anavyofunga vifungo vya shati. Huenda kweli shemeji aliizima mwenyewe, nani ajuaye kilichomo moyoni mwa mtu? Maadamu hajui, hadanganyi. Ule wasiwasi ndio uliokuwa mto wake wa kulalia, na aliukumbatia.

Mwezi wa sita baada ya ajali polisi waliliachia gari. Watu wote walimshauri dada aliuze kama chuma chakavu. Yeye alilileta kwa Waya likiwa limefungwa kamba nyuma ya gari la mizigo.

"Litengeneze," alisema. "Nimeshajifunza kuendesha. Nataka kuliendesha mwenyewe."

"Dada, kuna magari mengine."

"Nataka hili."

Dada huyu ndiye aliyembeba Waya mgongoni mama yao alipougua. Ndiye aliyempa jina lile la utani siku alipomkuta, akiwa na miaka minne, ameivunja redio ya nyumbani ili auone mtu anayeongea ndani. Ndiye aliyeshona sare za shule usiku na mchana ili mdogo wake apate kukaa kwa fundi miaka miwili bila mshahara. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana, na Waya hakuwa wa kuanza.

Kila Ijumaa alikuja kutazama kazi ilipofikia. Ijumaa ya kwanza aliomba akae kwenye kiti cha dereva. Alikaa, akaweka mikono mapajani kama mtu aliye hospitali akisubiri kuitwa.

"Ni hii?" aliuliza, akionyesha swichi.

"Ndiyo hiyo."

Aliigusa kwa kidole kimoja. Aliizungusha, ikalia tik. Akairudisha, ikalia tik.

"Nyepesi namna hii?"

"Nyepesi, dada."

"Mimi nilidhani mtu akitaka kufanya jambo kama lile, angalau angetumia nguvu."

Waya alifungua mdomo. Alitaka kumwambia yote, kwa mpangilio wake. Badala yake akainama kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa. Dada akashuka, akajikung'uta vumbi la gari, akaenda zake.

Ni baada ya hapo mambo ya swichi yalipoanza. Alikwisha kuunga tena ule waya alioukata, na dashibodi ikawa inafifia inavyopaswa. Kila mchana aliiweka swichi kwenye oto, na kila asubuhi aliikuta kwenye zima. Mara ya kwanza alijikaza kiume. Mara ya pili alisoma dua ndani ya gari, na hakuwa mtu wa dua. Siku ile ya tatu, baada ya Nyundo kuropoka, alikaa kutwa nzima akifanya kazi huku mgongo ameupa ukuta, maana hakutaka kitu chochote kiwe nyuma yake.

Ilipofika mchana alijikusanya. Mtu akikosa usingizi kiasi kile huwa na ujanja wa kitoto. Alichukua kidau cha wino wa mhuri wa gereji, ule wa buluu usiotoka kwa sabuni wala kwa petroli, akachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti ili asijipake, akaipaka swichi upande wa chini, mahali pasipoonekana. Swichi ikiwa kwenye oto. Kama ni binadamu, alijiambia, nitamjua kwa vidole. Na kama si binadamu, nitajua vilevile.

Mchana wote alishughulika na mkanda wa abiria na taa za breki. Jioni alifunga gereji, akaenda nyumbani, umeme ulikuwa umekatika, akala gizani, akalala gizani.

Asubuhi swichi ilikuwa kwenye zima.

Alitoka nje mbiombio akamkuta Nyundo anachanganya rangi. "Nionyeshe mikono yako."

"Haya, afande." Nyundo alinyoosha viganja. Kulikuwa na rangi ya kijivu, rangi nyekundu, kovu la zamani la moto. Buluu hakuna. Nyundo aliiangalia ile mikono yake mwenyewe kwa mshangao, kisha akamtazama Waya usoni, kisha akatazama chini. "Na hiyo yako imefanya nini?"

Mikono ya fundi huwa michafu kiasi kwamba mwenyewe haitazami tena. Waya alitazama. Kwenye kidole gumba cha kulia na kwenye kidole cha shahada kulikuwa na madoa mawili ya buluu iliyoiva, yanatazamana.

"Mimi sijaigusa," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Wallahi Nyundo, jana sijaigusa ile swichi."

"Ile ya taa? Umeigusa."

"Lini?"

"Jana jioni. Uliwasha gari ukataka kuangalia breki, taa zikanipiga machoni, nikakupigia kelele, wewe taa hizo! Ukaingiza mkono dirishani ukazima. Hata hukunitazama, uliendelea kuongea na simu." Nyundo alikuwa akisema kwa urahisi, huku akikoroga rangi, kisha akaona jinsi rangi ya uso wa mwenzake ilivyobadilika, naye akaacha kukoroga. "Ndivyo unavyofanya siku zote, Waya. Unazima. Sote tunazima."

Waya alikaa chini kwenye tairi. Hakulia. Alijiona tu amekuwa mwepesi, kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa miezi saba na mlango umefunguka ghafla akaangukia ndani. Kumbe hapakuwa na mzimu. Lau ungekuwepo, ingekuwa nafuu. Mzimu ungeombewa, ungefukuzwa. Huu ulikuwa mkono wake mwenyewe, umeota begani kwake, umekula naye jana gizani, umelala naye kitanda kimoja.

Na kama uliweza kuzima jana bila yeye kujua, basi Jumamosi ile pia ulizima. Kuhusu kurudisha, hakuwa na haja tena ya kujiuliza. Swichi ilikutwa kwenye zima, na shemeji hakuigusa kwa miaka mitatu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Alijaribu kuusugua wino kwa petroli, kwa mchanga, kwa sabuni ya unga. Saa nane aliacha, akauambia ule wino usitoke, ukae hapohapo.

Dada alifika saa kumi na mbili kasoro, na mkoba wake wa begani na viatu vya bapa vya kuendeshea. Gari lilikuwa limeshatolewa nje uani, limeoshwa. Alilizunguka mara moja. Alipofika nyuma aliweka kiganja juu ya bati jipya, akakaa nacho hapo kidogo.

"Limepona," alisema.

"Ingia, dada. Kuna kitu nataka ukione kabla hujaondoka."

Alikaa kwenye usukani, Waya akakaa upande wa abiria. Alimwambia awashe, akawasha. Kioo cha dashibodi kilimulika nyuso zao kwa mwanga mkali. Nje jua lilikuwa limekwisha kugusa mabati ya nyumba za ng'ambo.

"Tunangoja nini?"

"Ngoja tu."

Mbu mmoja aliingia. Nyundo alipita mbele akifunga milango ya banda, akawatazama, akajifanya hakuwaona. Mwanga wa uani ulizidi kwenda, na kijicho juu ya dashibodi kikangoja nao. Kisha, bila mtu kugusa kitu, taa zikawaka. Ukuta wa mbele ukawa mweupe, ukuta wa nyuma ukawa mwekundu, na kioo cha dashibodi kikafifia polepole.

"Imefifia," dada alisema.

"Hufifia giza likiingia, na taa zikiwa zimezimwa hufifia zaidi. Ndivyo dereva anavyojua." Waya alivuta pumzi. "Usiku wa ajali lilikuwa halifanyi hivyo. Niliukata waya wake. Aliniomba, siku ileile."

"Alikuwa haoni." Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, mdomo wa dada ulitaka kucheka. "Mbishi yule. Miwani alisema ni ya wazee."

"Dada. Msibani uliniuliza kama swichi inajigeuza."

"Ukaniambia lazima mkono wa mtu."

"Ndiyo. Hukuniuliza mkono wa nani."

Aliinua mkono wa kulia akauweka kwenye mwanga ule hafifu, vidole viwili vya buluu. Akamweleza. Hakupamba wala hakujitetea. Alieleza giza la banda, makofi ya shingoni, sheria ya kwanza na sheria ya pili, Jumamosi yenye wateja watatu, wino, na Nyundo. Alipomaliza hakuwa na mahali pa kuuweka ule mkono, akauacha juu ya goti.

Dada alishika swichi, akazima. Kuta zikawa nyeusi, dashibodi ikafifia zaidi.

"Hapana," Waya alisema kwa upole. Aliinama, akachomoa chini ya usukani ule waya aliouunga, akauacha unaning'inia. "Hivi ndivyo lilivyokuwa."

Dashibodi ikang'aa, kali, buluu na nyeupe. Nje palikuwa giza mbele na nyuma. Ndani mlikuwa na mwanga wa kumtosha mtu kusoma barua.

Dada alikitazama kioo kile kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo alikuwa akiangalia hapa."

"Ndiyo, dada."

"Akaona kunawaka."

"Ndiyo."

"Alidhani anaonekana," alisema dada, na paji lake la uso likaangukia usukani. Honi ililia, fupi, na yeye hakushtuka. Alilia hivyo, ameinama, kilio cha siku ya kwanza ya msiba kilichokuwa kimezuiliwa kwa miezi saba, na Waya hakuthubutu kumshika bega.

Alipoinuka alijifuta kwa ncha ya kanga, upande mmoja halafu upande wa pili, kwa utaratibu, kama anavyopinda pindo.

"Picha yake nimeigeuza ukutani. Unajua? Nilimchukia. Nililala nikimchukia maiti. Mama yake kila Jumapili ananiuliza nilimwambia nini mwanawe, nami sina jibu, nampa chai. Na wewe ulikuwa unakuja, unakula kwangu."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Sikujua, dada. Niliogopa kujua."

"Huko ndiko kujua." Alisema bila kelele, na hilo lilimuuma Waya kuliko kofi. "Unga huo waya."

Aliuunga, akauzungushia tepu. Dada akazungusha swichi mpaka ikalia tik, akainama kukisoma kistari, akakigusa kwa ukucha ili ahakikishe. Kuta zikawaka, moja nyeupe na moja nyekundu.

"Shuka."

"Usiku umeingia, dada. Acha nikuendeshe."

"Shuka, Waya. Nakwenda kwa mama yake. Safari ile haijafika bado, acha niifikishe. Nitamwambia mwanawe alikuwa anakwenda kulala kwake, basi, hakuwa na jingine. Yako utakwenda kuyasema mwenyewe, kesho, kwa mdomo wako. Na kwangu usije mpaka nikuite."

Alishuka. Alimfungulia geti, maana Nyundo alikuwa amekwisha kuondoka. Gari dogo la kijivu lilipita karibu naye, uso wa dada yake ukimulikwa kidogo tu kutoka chini, si buluu ya kutisha, mwanga wa kumtosha mtu kuona njia. Liliingia barabarani, likashika upande wa mlimani.

Waya alikwenda mpaka ukingoni mwa barabara, mahali pake pa kila jioni. Taa mbili nyekundu zilikwenda chini ya nguzo za mji, nguzo baada ya nguzo, na zilipoipita ya mwisho zilizidi kuonekana. Magari mengine yalikuja nyuma yake yakapunguza mwendo, kwa sababu yalimwona. Waya alisimama akizihesabu, moja, mbili, moja, mbili, roho ikiwa juu.

Ndipo alipohisi kitu kinachezacheza pembeni ya paja lake. Alitazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, gumba na shahada vimekutana, unazungusha gizani kitu kisichokuwepo. Aliukamata kwa mkono wa kushoto, akaubana kifuani, akakaa ameubana hivyo mpaka zile taa zilipovuka mlima.